Bega Likiumia, Shingo Ndiyo Hulalamika

Mtazame mtu wa nyumbani kwako anapoanika nguo. Kama bega linapanda kuelekea sikioni kabla mkono haujanyanyuka, kuna jambo. Yeye atakwambia shingo inamuuma, na kila jioni ataomba asuguliwe. Lakini huenda shingo haina ugonjwa wowote: kano ya bega imechakaa au imechanika, na misuli ya jirani inafanya kazi isiyo yake.

Bega hushikwa na nini

Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na sehemu ya kombe la bega inayokipokea ni ndogo tena haina kina, mfano wa chungwa juu ya kisosi. Kinachozuia kisiteleze ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kukizunguka kichwa hicho kwa kano zake, yaani zile nyuzi ngumu zinazoushika msuli kwenye mfupa. Misuli hii kazi yake kubwa ni kukibana kichwa cha mfupa mahali pake, huku msuli mnene wa nje ya bega, ule unaodungwa sindano za chanjo, ukinyanyua mkono.

Kano ya juu ndiyo huchanika mara nyingi zaidi. Ikilegea, ule msuli mnene huvuta mfupa kwenda juu, na mfupa ukakwaruzana na paa la bega, yaani ile ncha ya kombe iliyo juu yake. Ndiyo maana maumivu hukolea mkono ukifika usawa wa bega, kisha pengine hupungua ukishapita hapo.

Hapo majirani huingia kazini. Msuli unaotoka shingoni hadi begani hulinyanyua kombe zima ili mkono upate kufika juu. Huo ndio unaokakamaa na kuuma jioni. Tena wataalamu wanapopima umeme wa misuli kwa watu wenye mchaniko mkubwa wa kano, huona jambo la ajabu kidogo: misuli ya kwapani na mgongoni, ambayo kazi yake ni kuushusha mkono, nayo hujikaza wakati mkono unapanda. Inajaribu kuuteremsha mfupa usigonge paa. Basi mtu ananyanyua na kushusha kwa wakati mmoja. Si ajabu akachoka kwa kuchana nywele tu.

Msuli wenye kano iliyochanika kabisa, kwa upande wake, hupungua kwa kukosa kazi, na baada ya muda mafuta huingia ndani yake. Mafuta hayo kwa kawaida hayatoki hata kano ikishonwa.

Nani yuko hatarini

Umri ndio chanzo kikubwa. Wapo wazee wengi waliochanika kano bila kusikia maumivu yoyote, kwa hiyo picha ya kipimo peke yake isikutishe. Wengine walio hatarini ni wapaka rangi wa dari, wasusi, makuli, wavuta sigara na wenye kisukari.

La kufanya nyumbani

Usiufunge mkono kwa kitambaa wiki nzima. Bega lisilotumika hukaza. Endelea kuutumia chini ya usawa wa bega. Teremsha kamba ya nguo, na sufuria zishuke rafu ya chini. Usilalie upande unaouma. Weka mto chini ya mkono.

Zoezi la kuanzia ni jepesi. Keti mezani, weka kiganja juu ya kitambaa, kisha kisukume taratibu mbele na kukirudisha, bega likiwa limetulia mbali na sikio. Tumia kioo, au mtoto akusimamie. Watoto hupenda kukosoa. Maumivu kidogo yanayotulia kufikia asubuhi hayana neno. Nafuu huja kwa wiki kadhaa, mara nyingi kama miezi 3, na wengi hupona bila kisu. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuongezea mazoezi ya kuiamsha misuli midogo.

Kusugua shingo huburudisha, lakini hakutibu bega. Kuvutwa na kunyongwa mkono kwa nguvu kunaweza kuzidisha mchaniko. Sindano ya steroidi begani hutuliza maumivu kwa muda. Ikirudiwarudiwa inaweza kudhoofisha kano. Nazo dawa kama diklofenaki si za kumeza kila siku bila ushauri, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au figo dhaifu.

Usingoje

Maumivu ya bega au mkono yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho au kupumua kwa shida yanaweza kuwa ya moyo: kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Bega lililovimba na kuwa la moto, pamoja na homa, nalo lionwe siku hiyo hiyo. Na aliyeanguka, kisha akashindwa kunyanyua mkono, asipewe dawa ya kupaka tu na kuambiwa avumilie. Mpelekeni hospitali mapema, maana mchaniko wa ghafla hushoneka vizuri zaidi katika wiki za mwanzo.