Springla za Jengo: Je, Vali Imefunguliwa?

Majengo mengi ya biashara, hoteli na hospitali katika miji yetu yana mabomba darini yenye vichwa vidogo vya kunyunyiza maji wakati wa moto, maarufu kama springla. Jengo likishapata kibali cha kutumika, mabomba hayo husahaulika. Hukaa kimya miaka na miaka, na mwenye jengo huamini kwamba yanafanya kazi kwa sababu tu yapo.

Vichwa vingi vya springla huzibwa kwa kichupa cha kioo chenye kimiminika. Kichupa chekundu hupasuka joto lake likifika nyuzi 68 za Selsiasi, na cha kijani nyuzi 93. Kikipasuka, maji hutoka kwenye kichwa hicho pekee. Moshi haukifungui, hata kama filamu huonyesha jengo zima likilowa kwa sababu ya sigara moja.

Tatizo kubwa liko kwenye vali. Takwimu za shirika la NFPA la Marekani zinaonyesha kwamba springla zinaposhindwa kufanya kazi, zaidi ya nusu ya visa husababishwa na mtambo kuwa umefungwa. Namna inavyotokea si siri kwa keyateka yeyote: fundi hufunga maji ili kurekebisha bomba linalovuja au kumsaidia mpangaji kugawa ofisi, kisha jioni huondoka bila kuyafungulia. Kwa hiyo vali kuu ifungwe kwa mnyororo na kufuli ikiwa wazi, na ikaguliwe kila wiki. Ikilazimu kufungwa, iandikwe kwenye daftari ni nani aliyeifunga, saa ngapi na kwa nini. Mlinzi apewe zamu ya kuzunguka jengo hadi ifunguliwe.

Mnamo tarehe 23 Februari 1991, moto ulizuka katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani. Vali za kupunguza nguvu ya maji kwenye mabomba ya zima moto zilikuwa zimewekwa vibaya, na mipira ya wazima moto ikatoa maji hafifu. Wazima moto watatu walifariki. Moto ulipanda ghorofa baada ya ghorofa hadi ya 30, ambako mpangaji alikuwa ameweka springla. Vichwa 10 tu viliuzuia.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada: mgao wa maji. Mfereji ukikauka, tangi la moto huwa kishawishi, na maji yake huishia vyooni. Pale ambapo tangi ni moja, bomba la matumizi ya kawaida litoke juu ya kiwango cha akiba ya moto, ili akiba isiguswe hata mtu akitaka.

Vichwa vyenyewe vinahitaji macho tu. Kilichopakwa rangi kibadilishwe kwa kingine cha aina na joto lile lile; kukikwangua ni kukiharibu. Bidhaa za stoo zisirundikwe karibu nacho: ziachwe angalau sentimita 45 chini yake. Ukuta mpya wa mbao ukigawa chumba, upande mmoja huenda ukabaki bila springla.

Kanuni za Kupunguza Hatari za Moto za mwaka 2007 zinamtaka mwenye mahali pa kazi kufanya ukaguzi wa usalama wa moto angalau mara moja kila miezi 12. Katika ukaguzi huo fundi hufungua bomba la kumwagia maji lililo karibu na vali kuu, kisha husoma geji kabla ya kulifungua na maji yakiwa yanatiririka. Namba hizo ziandikwe na kulinganishwa na za mwaka uliotangulia. Zikiwa zimeshuka sana, vali huenda imefungwa nusu au bomba limeziba kwa kutu, na fundi asiondoke kabla ya kujua ni ipi.