Dondoo muhimu: Programu mpya, simu za zamani

AfyaData, programu ya kuripoti magonjwa ya watu na wanyama, ilizaliwa SACIDS, kituo kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na hutumika kwenye simu za Android. Ukitengeneza programu ya namna hiyo, fikiria simu ya mkulima wa Mgeta au Kinole. Huenda ni ya mtumba, na masasisho yake yalikoma zamani.

Weka minSdk (toleo la chini kabisa la Android ambalo programu inakubali) chini kadiri watumiaji wako wanavyohitaji, na targetSdk (toleo ambalo programu inalenga) iwe juu. Ni namba mbili zenye kazi tofauti, ingawa wengi huzichanganya.

Kabla ya kuita huduma mpya ya mfumo, angalia kwanza SDK_INT, yaani namba ya toleo la Android lililo kwenye simu. Chukua arifa: programu inayolenga Android 8.0 ya mwaka 2017 (namba 26) au zaidi lazima iipe kila arifa NotificationChannel, la sivyo haionekani kwenye simu zenye toleo hilo au jipya zaidi. Lakini kwenye Android 7 darasa la NotificationChannel halipo kabisa. Ukiligusa, programu inajifunga papo hapo. Sharti moja la if linatosha kuzuia balaa hilo. Maktaba za AndroidX hukufanyia ukaguzi mwingi wa aina hii, na Android Studio hukuonya kwa ujumbe wa NewApi. Tafadhali usiunyamazishe bila kuusoma.

Mwisho, jaribu kwenye simu kuukuu halisi, data ikiwa imezimwa. Mapambo yasiyowezekana humo yaache. Ripoti lazima ihifadhiwe na itumwe mtandao ukirudi.