Chifu Si Mahakama

Kwa mama anayelea peke yake, maswali huanza kabla hajapata hata chumba. Kwenye ploti za Kihunguro, Ruiru, au Makongeni, Thika, msimamizi wa nyumba hutaka kujua bwana yuko wapi, kana kwamba kodi hulipwa na ndevu. Kanisani huombewa apate mume. Aliyemzalisha haulizwi kitu. Yeye ni kijana aliyeteleza, yakaisha.

Kisheria hayajaisha. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema malezi ni jukumu sawa la mama na baba, wawe wameoana au la. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Watoto ya 2001 vilivyombebesha mama mzigo wote pasipo ndoa, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikafuata Katiba.

Mtego uko ofisini kwa chifu. Mama hufika na mtoto mgongoni, baba huitwa, naye huahidi mbele ya wazee Sh3,000 kila mwezi. Hakuna kinachoandikwa. Mwezi wa kwanza pesa huingia, wa pili nusu, wa tatu simu imezimwa. Mama akirudi huambiwa amtafute mwenyewe, au atoe "ya mafuta" ndipo askari atumwe. Hiyo ni hongo, hata ikiitwa nauli! Chifu anaweza kupatanisha, lakini hawezi kuagiza mshahara wa mtu ukatwe. Mahakama inaweza.

Basi mama aende kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ambaye huduma yake hailipiwi. Makubaliano yaandikwe, yatiwe saini, kisha yapelekwe mahakamani, Thika au Ruiru, yageuzwe amri. Baba akimkana mtoto, hakimu anaweza kuagiza kipimo cha DNA. Pesa zipokelewe kwa M-Pesa, si mkononi, na jumbe zisifutwe: ndizo zitakazoonyesha alilipa lini na aliacha lini.

Cheti cha kuzaliwa nacho kina historia yake. Kwa miaka mingi, jina la baba asiye na ndoa halikuandikwa bila ridhaa yake, na cheti cha mtoto kikabaki na alama za X mahali pa jina hilo. Mei 2016 Mahakama Kuu ilikitupa kifungu cha sheria kilichotaka ridhaa hiyo.

Hata hivyo, sheria ya matunzo inamkamata vizuri zaidi mtu mwenye hati ya mshahara. Thika na Ruiru zimejaa akina baba wa bodaboda na vibarua vya mjengo, wasio na mwajiri wa kuandikiwa barua. Mama wa mtoto wa mtu kama huyo hushinda kesi, akarudi nyumbani na karatasi.