Deni la Lumicash

Swali: Nilimkopesha jirani pesa kwa simu, kupitia Lumicash, sasa anakana. Dada yangu aliye Nairobi anasema kule kesi inafunguliwa kwa simu. Na sisi wa Buyenzi, Bujumbura, je?

Jibu: Dada hakosei. Tangu Machi 2024 mahakama zote za Kenya zinapokea kesi kwa mtandao. Ila mlango huo si wako: ulimkopesha Bujumbura, jirani yuko Bujumbura, basi shauri ni la hapa. Anza na wapatanishi wa mtaa wenu; wakishindwa kuwapatanisha, nenda tribinali, na ubebe karatasi.

Hata hivyo simu yako ndiyo silaha. Muamala unaonyesha pesa zimekwenda, hausemi kama ni mkopo. Atadai ulimpa zawadi, au ulikuwa unamlipa. Kinachomfunga ni maneno yake. Aliyekuandikia "nivumilie hadi mwisho wa mwezi" amekiri deni mwenyewe. Kwa hiyo usifute ujumbe wowote, hata ule wa matusi (yako pia, pole). Uchapishe ukiwa na tarehe na namba, uombe kampuni ya Lumicash taarifa ya muamala, na simu yenyewe usiiuze: hakimu anaweza kutaka kuiona.