Lango Lililofungwa: Kutambua Kizuizi katika Seva ya Linux
Seva huwasiliana kupitia malango, ambayo baadhi huyaita bandari, yenye nambari 0 hadi 65535. Kurasa za wavuti kwa kawaida hutumia lango la 80 na la 443. Mawasiliano yanapokwama, wengi hukimbilia kuuzima ukuta wa moto, hatua inayoiacha seva bila kinga. Heri kulichunguza jibu kwanza. Muunganisho ukikataliwa papo hapo, aghalabu hakuna programu inayosikiliza langoni. Amri ya ss -tln itathibitisha. Kukiwa na kimya kirefu, yamkini ukuta wa moto unavitupa vifurushi vya data bila kujibu. Hapo kagua kanuni zake, kisha ufungue lango linalohitajika pekee. Ukiihudumia seva kutoka mbali kwa SSH, usilifunge lango la 22 uliloingilia, usije ukajifungia nje.