Kanisa na Mti: Somo la Kutembea Old Moshi

Ndugu walimu, katika Yoshua sura ya 4 twasoma jinsi Waisraeli walivyotwaa mawe kumi na mawili katika Yordani, wakayasimamisha Gilgali, ili watoto watakapouliza maana yake, baba zao wawe na jibu. Nasi tunayo mawe yetu. Basi somo hili la kipaimara lisifundishwe chumbani. Wakusanyeni wanafunzi asubuhi, jua lisijawa kali, mwende nao kwa miguu katika Old Moshi, toka kanisa la Kidia mpaka mti wa Tsuduni.

Kwanza, simameni kanisani. Waambieni ya kuwa Johannes Rebmann, Mlutheri aliyetumwa na misheni ya Waingereza, aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Misheni ya Leipzig ilikuja mwaka 1893, ikaanza Machame, kisha ikafika Moshi. Hapa mchungaji Bruno Gutmann alifanya kazi tangu 1910 mpaka 1938, isipokuwa miaka michache baada ya vita ya 1914 hadi 1918. Alijifunza Kichaga, akaandika desturi na sheria za wenyeji. Mshukuruni Mungu kwa hayo.

Pili, endeni mpaka mtini. Vueni kofia, mnyamaze kidogo. Mwezi wa Juni 1892 mashujaa wa Mangi Meli waliwashinda Wadachi. Mwezi wa Agosti 1893 Wadachi walirudi na nguvu kubwa, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga kwa shtaka la kupanga uasi, pamoja na Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Ngalami wa Siha na wengine, jumla yao watu 19. Yasemwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wazao wake wamekitafuta miaka mingi.

Hapo mwanafunzi mwenye akili ataona neno: katika mwaka uleule 1893 bunduki ilishinda, na misheni ya Leipzig ikafika. Akiuliza, "Mwalimu, je, ni watu walewale?" usimkemee, wala usigeuze maneno. Mjibu hivi: Si walewale, lakini walitoka nchi moja, na wamisionari walikaa chini ya ulinzi wa serikali ile. Injili haikuwa mali ya Wadachi. Waliichukua tu, kama chombo cha udongo kichukuavyo hazina (2 Wakorintho 4:7). Chombo kina nyufa. Tukimficha mtoto nyufa hizo, siku atakapoziona peke yake atakitupa chombo pamoja na hazina yake.

Mkirudi, waulizeni:

1. Kwa nini Mungu aliwaagiza Waisraeli kuweka ukumbusho?
2. Tumeshukuru nini kanisani? Tumehuzunikia nini mtini?
3. Katika kijiji chako kuna jiwe, mti au kaburi gani ambalo wazee bado waweza kulieleza? Nenda ukawaulize wangali hai.

Kisha ombeni pamoja, mkiwataja wote wawili katika sala moja: waliotuletea Neno, na waliokufa mtini.