Ganda la Risasi Lenye Tumbo: Lipi la Kunyoosha, Lipi la Kutupa

Uko Marekani, una bastola yako halali, Jumamosi unakwenda uwanja wa shabaha, na umeanza kuokota maganda ili uyajaze upya nyumbani. Kazi inakwenda vizuri mpaka siku unapokuta ganda limekataa kuingia kwenye mtutu. Ukilitazama, linaonekana zima. Ukilipitishia kidole karibu na kitako, unahisi kibonge. Hilo ndilo ganda lenye tumbo, na makala haya yatakueleza la kulifanya.

Kabla ya yote, je, unaruhusiwa? Sheria ya shirikisho ya Marekani haidai leseni kwa anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Ukitaka kuziuza, hapo leseni ya mtengenezaji ni lazima. Majimbo nayo yana masharti yao, basi ulizia kwako. Wageni wawe waangalifu zaidi: mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya kutembea, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kwa mfano akiwa na leseni ya uwindaji. Na sheria hiyo inapotaja risasi, inahesabu hata ganda tupu. Mwenye kadi ya kijani hakatazwi na kifungu hicho. Ukija likizo Kenya au Tanzania, kagua mifuko ya begi na ya koti. Usisafiri na ganda hata moja, maana huku silaha na risasi zinakwenda kwa leseni na uwanja wa ndege si mahali pa kuanza kujieleza.

Sasa tumbo linatoka wapi? Ganda hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, takriban sehemu 70 kwa 30. Risasi inapolipuka, gesi hulisukuma ganda likajibana na kuta za chemba, yaani kile chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Lakini chini ya chemba kuna mteremko ambao risasi hupandia ikitoka kwenye magazini. Kwenye bastola nyingine mteremko huo umekatwa sana, kiasi kwamba sehemu ndogo ya ganda haina ukuta wa kuegemea. Hapo ndipo shaba hufura. Risasi inayosifika kwa tatizo hili ni .40 S&W, iliyotolewa mwaka 1990 na Smith & Wesson pamoja na Winchester, ikapendwa na polisi wengi. Bastola za Glock za mwanzo za risasi hiyo zilifurisha maganda mpaka wajazaji wakaliita tumbo hilo kwa jina la bastola.

Utauliza: mashine ya kukandamiza ya kujazia risasi si ina kifaa cha kurudisha ganda kwenye umbo lake? Inacho. Ni dai, yaani kalibu ya chuma kigumu ambamo ganda husukumwa ili libanwe. Shida ni kwamba ganda husukumwa likiwa limeshikwa kitakoni, na kile kishikizo hugota kwenye mdomo wa dai kabla sehemu ya chini kabisa haijaingia. Tumbo liko hapohapo chini. Basi unabana ganda zima na kuacha penye ugonjwa.

Dawa yake ni dai ya kupitisha: ganda linaingia chini na kutokea juu, likabanwa lote, kitako na vyote. Watengenezaji wa vifaa hivi, Lee, wana seti iitwayo Bulge Buster, inayotumia dai yao ya kabaidi ya kukazia mdomo baada ya kutolewa vitu vya ndani. Redding wana yao, G-Rx. Seti ya Lee ni ya bei nafuu, lakini angalia kabla ya kulipa, maana mara nyingi ile dai yenyewe hununuliwa kando. Kama huna mashine ya kukandamiza, ile ndogo ya mkono ya hatua moja inatosha.

Njia hii inaifaa .40 kwa sababu ukingo wa kitako chake una upana uleule wa mwili, milimita 10.77, hivyo hakuna kinachokwama. Kwa .45 ACP na 10mm Auto pia hutumika. Ganda la risasi ya bastola ya silinda, kama .38 Special, halipiti, maana ukingo wake umetokeza. Na 9mm ya kawaida ni nyembamba mdomoni kuliko kitakoni, kwa hiyo dai ya kupitisha ya saizi yake haifai. Kusema kweli, kwa 9mm mimi nisingehangaika. Maganda yake yamejaa kila uwanja.

Kazi yenyewe ianze na macho. Vaa miwani ya kinga. Hakikisha kila ganda ni tupu, kisha yaoshe kwa maji na sabuni, yakauke. Usiyasugue makavu ndani ya nyumba, kwa sababu masizi ya kiwashio, ile kofia ndogo ya kitakoni inayogongwa na pini, huwa na madini ya risasi, sumu mbaya hasa kwa watoto. Kwa hiyo meza ya jikoni haihusiki, na usile mpaka umenawa.

Chini ya taa kali, zungusha ganda polepole ukitazama sehemu ya juu kidogo ya ukingo. Uvimbe laini, wa mviringo, usio na mkwaruzo, unanyoosheka. Ukiona mkunjo wenye umbo la mwezi mchanga, ufa, au mstari unaong'aa kuzunguka ganda, litupe. Usibembeleze. Shaba inayokunjwa na kukunjuliwa ni kama waya: kila mara inazidi kukakamaa, mwisho inakatika. Dai hurudisha umbo la ganda. Nguvu yake hairudishi. Ganda likipasuka kitakoni ndani ya bastola, gesi hushuka kwenye magazini, na mkono wako uko hapohapo.

Yaliyopona yapake mafuta ya kulainishia maganda, kidogo tu. Toa kishikizo, weka fimbo ya kusukumia, funga dai, simamisha ganda juu ya fimbo, vuta mkono wa mashine taratibu. Utahisi ugumu mwishoni, ganda linapomaliza kupita. Ugumu ukizidi kiasi, simama, usilazimishe. Usipitishe kamwe risasi iliyojazwa wala ganda lenye kiwashio kizima.

Futa mafuta, kisha lipitishe kwenye dai ya kawaida, maana mdomo bado haujabanwa vya kutosha kushika kichwa cha risasi. Jaribio la mwisho ni hili: vua mtutu wa bastola, dondosha ganda ndani ya chemba. Liingie lenyewe kwa mlio mdogo, na ukiinamisha mtutu lianguke bila kusukumwa. Kuna pia kipimo cha chuma cha kazi hiyo, kinachofaa ukiwa na maganda mengi.

Kiasi cha baruti fuata kitabu cha mtengenezaji wake, ukianzia kiwango cha chini. Fahamu pia kwamba watengenezaji wa bastola, Glock wakiwamo, huonya dhidi ya risasi zilizojazwa upya. Na kama ni bastola yako inayofurisha maganda kila mara, ipeleke kwa fundi wa silaha aangalie chemba kabla hujajaza hata moja.

Yale mabovu yabane mdomo kwa koleo mpaka yawe bapa, yasije yakarudi kwenye ndoo ya mazima. Yakijaa kopo, wanunuzi wa chuma chakavu huyanunua kwa uzito.